Ikilinganishwa na Nini? Kwa Kijana Anayetaka Kuandika Habari za Sayansi

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipokea barua pepe mbili katika muda wa saa moja, na tangu siku hiyo nimekuwa nikiitunga makala hii kichwani, ndani ya matatu, jikoni na hata kanisani.

Barua ya kwanza ilitoka kwa mhariri wa gazeti moja ambalo sitalitaja. Alikuwa akinirudishia makala yangu kuhusu lenacapavir, dawa inayodungwa mara mbili kwa mwaka ili kumkinga mtu asiye na VVU asiambukizwe. Sababu yake ilikuwa maneno mawili: "Haina moto." Alikuwa tayari kuichapisha iwapo ningekubali kichwa alichokibuni yeye mwenyewe, kwamba chanjo ya UKIMWI hatimaye imepatikana. Nilimweleza kwamba dawa hiyo si chanjo, naye hakunijibu tena. Barua ya pili ilitoka kwa mwanafunzi wa uandishi wa habari hapa Nairobi. "Dada," aliandika, "nataka kuandika habari za sayansi kwa Kiswahili kama unavyoandika wewe. Nianzie wapi?" Alikuwa ameambatanisha rasimu yake ya kwanza, ambayo nitairudia baadaye.

Nilicheka, kisha nikakasirika, kwa sababu niliwahi kuandika makala yenye moto mwingi, na aliyeungua ni mimi.

Ilikuwa Julai 2023. Watafiti wa Korea Kusini walikuwa wameweka mtandaoni rasimu mbili za utafiti, ambazo zilikuwa hazijapitiwa na wataalamu wenzao, wakidai kwamba wametengeneza supakondakta inayofanya kazi katika joto la kawaida la chumba. Supakondakta ni maada inayopitisha umeme bila ukinzani wowote, yaani bila umeme huo kupotea njiani. Jambo hilo lilijulikana tangu mwaka 1911, Heike Kamerlingh Onnes alipolishuhudia katika zebaki iliyopozwa hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na kwa zaidi ya karne moja wanafizikia wamekuwa wakitafuta maada itakayofanya hivyo bila kugandishwa. Wakorea hawa waliiita yao LK-99. Ilikuwa na madini ya risasi, na sehemu ya risasi hiyo ilikuwa imebadilishwa kwa shaba. Walitoa na video: kipande cheusi juu ya sumaku, upande mmoja umeinuka hewani na upande wa pili umegusa chini.

Niliitazama video hiyo usiku, katika chumba changu cha Ngara, stima zikiwa zimepotea mtaa mzima. Mnaoishi jiji hili mnaelewa kilichonipata. Nilisahau kulala. Niliandika kwamba siku za umeme kupotelea njiani zimehesabika, nikataja kwamba Kenya hupoteza zaidi ya moja ya tano ya umeme wake kabla haujalipiwa, nikasahau kwamba sehemu ya umeme huo huibwa kwa nyaya za kuunganishwa kichochoro, na wizi hauna dawa katika fizikia. Makala ilichapishwa ikiwa na picha kubwa. Kwa siku nne nilikuwa mtu maarufu. Jamaa zangu waliisambaza katika kila kundi la WhatsApp, na sitasema uongo, nilifurahi mno.

Siku ya tano nilipigiwa simu na mwalimu wangu wa zamani wa fizikia, ambaye amestaafu na anaishi Umoja. Hakunikaripia. Aliniambia tu nipite kwake Jumamosi tunywe chai.

Nilimkuta ameweka mezani sumaku ya duara aliyoitoa katika spika mbovu, pamoja na wembe uliovunjwa vipande. Alisubiri nimalize kikombe cha kwanza, kisha akaweka kipande kidogo cha wembe juu ya sumaku. Kipande hicho kilijiinua, kikasimama kwa ukingo mmoja, kikawa kinatetemeka kidogo kila aliposogeza meza.

"Binti yangu," akauliza, "hii nayo ni supakondakta?"

"Hapana, Mwalimu. Ni wembe."

"Basi ulipoiona ile video, uliilinganisha na nini?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu sikuwa nimeilinganisha na chochote. Supakondakta ya kweli huelea juu ya sumaku bila kugusa chini, na hata ukiisukuma kidogo hurudi mahali pake. Kitu kinachosimama kwa ukingo mmoja kinaweza kuwa na sababu nyingine kumi za kawaida. Kufikia katikati ya Agosti maabara za nchi kadhaa zilikuwa zimejaribu kuitengeneza LK-99 na kuikosa ile ajabu. Wale Wakorea walikuwa wameona ukinzani ukianguka ghafla karibu na nyuzi 104, lakini ikagundulika kwamba vipande vyao vilikuwa na uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadilisha mpangilio wake wa ndani katika joto hilohilo, na ukinzani wake hushuka bila kuwa na usupakondakta wowote. Watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Stuttgart walipokuza fuwele safi za LK-99, zisizo na uchafu huo, walipata kitu kinachozuia umeme badala ya kuupitisha.

Niliomba masahihisho yachapishwe. Nilipewa mistari miwili, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la viwanja. Miezi mitano iliyofuata sitaisimulia; itoshe kusema kwamba nilikuwa nikitafsiri vijitabu vya maelekezo ya mashine za kufulia nguo, na sasa najua mambo mengi kuhusu sabuni.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ukiniuliza uanzie wapi, nitakujibu kama Mwalimu: uliza, ikilinganishwa na nini? Ninazo kanuni nyingine mbili, ya kuusoma utafiti wenyewe badala ya tangazo lake, na ya kuuliza nani au nini kilipimwa na kwa muda gani, lakini ukizichunguza utaona kwamba zote tatu ni moja iliyobadilisha nguo.

Usidhani kwamba nambari ikiwa ya kweli basi kazi imekwisha. Mwaka 2021, Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza chanjo ya malaria ya RTS,S, shangazi yangu wa Siaya alisikia redioni kwamba ufanisi wake ni asilimia 36. Chanjo hiyo ilikuwa imeanza kutolewa katika kaunti za eneo la Ziwa tangu Septemba 2019, na mjukuu wake alikuwa ameshadungwa. Alinipigia simu. "Mwanangu, kwa hiyo watoto 64 kati ya 100 wanaachwa hivihivi?" Nami, msomi wa familia, nilimjibu kwamba ndivyo, kwa kiasi fulani. Naona aibu ninapoandika sentensi hii.

Baadaye niliutafuta utafiti wenyewe, uliofanywa katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Siaya ikiwa mojawapo, kwa watoto zaidi ya 15,000. Waliolinganishwa nao hawakuachwa bila chochote. Walidungwa chanjo nyingine zisizohusu malaria, na wengi wa pande zote mbili walikuwa wakilala ndani ya vyandarua. Asilimia 36 ilikuwa ni kupungua kwa idadi ya vipindi vya ugonjwa kwa muda wa takriban miaka minne, kwa watoto walioanza chanjo wakiwa na miezi mitano hadi 17 na wakapata dozi zote nne. Haikuwa idadi ya watoto waliookolewa na walioachwa. Mtoto wa Siaya haugui malaria mara moja akamalizana nayo. Huugua, akapona, akaugua tena. Ndiyo maana watafiti waliweza kuandika jambo linaloonekana kama kosa la hesabu, kwamba kwa kila watoto 1,000 waliochanjwa dozi nne, vipindi 1,774 vya malaria viliepushwa.

Nilisafiri hadi Siaya kwenda kulisahihisha kosa langu ana kwa ana. Shangazi alikuwa akichambua maharagwe katika ungo. Nilitenga punje chache, nikamwambia kila punje ni safari moja ya homa ya mtoto mmoja, kisha nikaondoa mbili. Alizitazama zile mbili kwa muda mrefu.

"Hizo mbili," akasema, "ni siku ambazo singelala kwenye benchi la hospitali."

Hakuna mhariri aliyewahi kunipa sentensi nzuri kama hiyo, na naiweka hapa kwa sababu wapo wanaoamini kwamba watu wa kijijini hawawezi kuelewa takwimu. Wanaelewa. Wanaoshindwa mara nyingi ni sisi tunaowapelekea nusu ya takwimu na kuwaacha wajaze nusu iliyobaki kwa hofu.

Kwa upande wa mama yangu nina mjomba mkulima huko Bomet, kaunti ambako ugonjwa wa mahindi unaoletwa na virusi viwili kwa pamoja ulionekana kwa mara ya kwanza nchini mwaka 2011. Majani huanza kugeuka manjano kutoka kingoni, moyo wa mmea hukauka, na ukimenya gunzi unakuta punje tano au hakuna kabisa. Mwaka 2013 CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, pamoja na taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo ambayo leo inaitwa KALRO, walifungua kituo Naivasha ambako mahindi huambukizwa virusi hivyo kwa makusudi ili ionekane ni aina zipi zitakazostahimili. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, nikaandika kuhusu kituo hicho katika jarida letu kwa fahari kubwa, nikampelekea mjomba nakala. Aliisoma yote, akaikunja vizuri, akauliza, "Mbegu hiyo inauzwa duka gani hapa Bomet?"

Haikuwa ikiuzwa popote. Mmea unaostahimili katika shamba la watafiti hulinganishwa na mimea jirani iliyokufa katika shamba hilohilo; mjomba alikuwa akiulinganisha na mfuko wa mbegu aliouona dukani. Kati ya viwili hivyo kuna miaka ya kuzalisha, na kuna majaribio ya kitaifa ambayo KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, huyasimamia kabla mbegu haijaruhusiwa kuuzwa. Ushauri aliouhitaji msimu ule ulikuwa wa kawaida kabisa: ang'oe mimea iliyougua, asirudie mahindi juu ya mahindi, apande viazi au maharagwe ili virusi vikose makao. Mimi nilikuwa nimempelekea Naivasha.

Sasa nirudi kwenye makala isiyo na moto. Jaribio la lenacapavir lililotoa matokeo mwaka 2024 lilifanywa Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Kati ya 2,134 waliopewa sindano hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa VVU. Hiyo sifuri ndiyo mhariri aliyoipenda. Mimi nilitumia aya nne kueleza kwamba kulikuwa na makundi mengine mawili yaliyopewa vidonge vya kujikinga vya kila siku, na kwamba huko waliambukizwa 16 kati ya 1,068 na 39 kati ya 2,136. Wote walidungwa sindano na wote walipewa vidonge, ila kwa kila mmoja kimojawapo hakikuwa na dawa ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyejua yuko kundi gani, na huwezi kudai kwamba waliopata dawa ya kweli walikuwa waangalifu zaidi. Vidonge hivyo si vibaya. Hufanya kazi vinapomezwa. Wengi hawakuwa wakivimeza kila siku, na yeyote aliyewahi kuficha dawa ndani ya mkoba ili mpenzi au mama asiulize maswali anajua sababu. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo, katika kidonge kilichobaki ndani ya mkoba.

Kuiita chanjo kungeliua jambo hilo lote. Chanjo huufundisha mwili kujilinda. Dawa hii hukaa chini ya ngozi ikitoka polepole, na miezi sita ikipita lazima mtu arudi kudungwa tena. Msichana atakayesoma kwamba amechanjwa hatarudi. Ndugu zangu waandishi, tukubali kwamba neno moja tulilolichagua kwa ajili ya moto linaweza kumgharimu mtu asiyetujua, ambaye hatatuandikia barua kulalamika. Nimeambiwa mara nyingi kwamba Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Maneno tunayo. Tunachokosa ni wahariri wenye subira ya aya nne, na ndiyo, nasema hivi nikiwa bado na kinyongo.

Makala nimeipeleka kwingine. Bado sijajibiwa.

Ile rasimu ya mwanafunzi ilihusu paneli mpya za jua zinazochanganya silikoni na fuwele za perovskaiti. Alikuwa ameandika kwamba zimefikia ufanisi wa asilimia 34.6, yaani hiyo ndiyo sehemu ya nguvu ya jua inayogeuzwa kuwa umeme, nambari iliyotangazwa kweli mwaka 2024, na kwamba Wakenya wajiandae kubadilisha mapaa yao. Niliirudisha nikiwa nimeandika swali moja tu pembeni, mnalijua. Siku mbili baadaye aliniambia amegundua kwamba nambari hiyo ni ya seli ndogo ya maabara, yenye ukubwa wa ukucha, na kwamba fuwele hizo huharibiwa na unyevu zisipozibwa vizuri. Kisha akaongeza jambo ambalo sikumwambia alifanye. Alikuwa amepanda juu ya paa la mama yake huko Githurai akiwa na utepe wa kupimia. Paneli yao ni ya wati 100, urefu wake mita moja na upana sentimita 67. Akagawanya wati hizo kwa eneo la paneli, akalinganisha na wati 1,000 za jua kwa kila mita ya mraba zinazotumiwa kama kipimo, akapata asilimia 15. Imekaa juani na mvuani miaka minane, na bado inawasha taa tatu na redio.

Nimemwambia afute aya zake tatu za kwanza, aanzie hapo juu ya paa.