Saumu, mazoezi makali na kipimo cha homoni ya ukuaji

SWALI: Nafundisha wakimbiaji vijana Gombani, Pemba. Nasikia kufunga na kukimbia sana kunapandisha homoni ya ukuaji. Kijana wangu akitolewa damu mwezi wa Ramadhani, hataonekana kapiga sindano ya homoni hiyo? Na kwa nini damu, si mkojo?

JIBU: Mwalimu, ulilosikia ni kweli, ila halimtii kijana hatiani. Tezi ya pituitari, chini ya ubongo, hutoa homoni hii kwa mikupuo. Usingizi, njaa na mazoezi huizidisha, na kiwango chake hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku hata kwa mtu aliyelala kitandani. Kwa hiyo maabara haihukumu kwa wingi wake.

Kinachoangaliwa ni mchanganyiko. Pituitari haitoi homoni ya aina moja: iliyo nyingi ina uzito wa kilodaltoni 22 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), na pamoja nayo hutoka ya 20 na nyinginezo. Ya sindano ni ya 22 peke yake. Tena mwili ukiona homoni imejaa, pituitari hupunguza kazi, na zile aina nyingine hupungua. Maabara hutumia kingamwili za namna mbili, moja inayokamata zaidi ile ya 22, nyingine inayokamata mchanganyiko wa asili, kisha hugawa jibu la kwanza kwa la pili kupata uwiano. Kijana aliyefunga, hata awe chungu cha ishirini, hutoa aina zote kwa pamoja, na uwiano haupandi kama wa sindano. Baada ya mbio ndiyo kabisa: ile ya 22 huondoka haraka kwenye damu kuliko nyingine, basi uwiano huelekea upande wa kumtetea.

Udhaifu wa kipimo hiki, kilichoanza kwenye Olimpiki ya Athens 2004, ni muda. Siku moja au mbili baada ya sindano alama imekwisha. Ndiyo sababu wapimaji hubisha hodi bila taarifa, nje ya mashindano.

Kipimo cha pili, kilichotumika London 2012, kinafika mbali zaidi, wiki moja hadi mbili. Hupima IGF-1 na P-III-NP, protini ambazo homoni huzipandisha taratibu, na kuziingiza kwenye hesabu moja yenye jinsia na umri. Hapo kwa umri ndipo penye uzito kwako, kwa sababu anayebalehe huwa navyo vyote viwili juu kwa maumbile tu. Tarehe ya kuzaliwa ikiandikwa vibaya kwenye fomu, hesabu nayo inakwenda kombo. Anayeandikwa mkubwa kuliko alivyo ndiye anayejichimbia shimo hapa. Saumu haina neno: kukosa chakula muda mrefu huishusha IGF-1, haiipandishi.

Mkojo hautufai kwa sababu homoni inayopita huko haifiki hata sehemu moja kwa mia ya iliyomo kwenye damu.

Mimi ningehangaikia zaidi sanduku la kusafirishia damu kuliko saumu. Tanzania haina maabara iliyoidhinishwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, kwa hiyo damu ya Pemba inavuka bahari na kupanda ndege. Hutolewa kwenye tyubu mbili zenye jeli, A na B. Ikishaingia hupinduliwa polepole, haitikiswi, kisha huachwa wima kama robo saa igande, ndipo iwekwe kwenye baridi. Baridi, si barafu. Pakiti ya barafu ikigusa tyubu moja kwa moja, damu huganda kwa baridi, seli hupasuka na serumu, yaani maji ya damu, hugeuka nyekundu. Sampuli ya namna hiyo maabara inaweza kuikataa. Kijana wako ana haki ya kuchagua kisanduku mwenyewe kati ya vilivyopo na kulinganisha namba za tyubu na za fomu kabla ya kusaini. Kama anatibiwa kwa homoni hii kwa amri ya daktari, kuitaja siku ya kupimwa hakutoshi. Anahitaji kibali cha matumizi ya tiba, nacho huombwa kabla hajaanza dawa.