Maswali Yenu: Jack Joyce na Yaliyokwisha Kutokea

Makala yetu ya toleo lililopita kuhusu Quantum Break, mchezo wa video wa hadithi za kisayansi uliotengenezwa na kampuni ya Remedy Entertainment ya Finland na kutolewa na Microsoft tarehe 5 Aprili 2016, imeleta barua nyingi kuliko tulivyotarajia, na nyingi kati ya hizo zimetoka mikoa ya Mtwara na Lindi. Kwa faida ya wasioujua mchezo wenyewe: Jack Joyce anafika usiku wa manane katika Chuo Kikuu cha Riverport, mji wa kubuni nchini Marekani, kwa mwito wa rafiki yake Paul Serene, anayeongoza mradi wa mashine ya kusafiria katika wakati. Jaribio linaharibika, wakati unapata ufa, na Jack anatoka humo akiwa na uwezo wa kuugandisha muda kwa nukta chache. Paul anaingia katika mashine akiwa kijana na kurejea akiwa ameongezeka miaka 17. Asiyetaka kuhadithiwa mwisho wa mchezo na aliruke jibu la kwanza.

Shikamoo mhariri. Nimeumaliza mchezo huu kwenye kompyuta ya kaka yangu na nimebaki na hasira. Jack anaweza kuusimamisha muda na kupita katikati ya risasi zilizoganda hewani, na baadaye anaingia kwenye mashine na kurudi miaka ya nyuma. Iweje ashindwe kuzuia hata jambo moja? Waandishi waliishiwa maarifa, au kuna jambo mimi sikulielewa? (Kijana, Masasi)

Marahaba. Hasira yako ina msingi, ila nadhani umeielekeza pasipo pake. Ndani ya mchezo huu mna nguvu za aina mbili juu ya wakati, na mchezaji akizichanganya hadithi nzima inamponyoka. Nguvu alizo nazo Jack mwilini, yaani kuugandisha muda katika duara dogo, kujikinga kwa ngao, kukimbia huku walinzi wakiwa wamesimama kama sanamu, zote ni nguvu juu ya sasa. Hata pale anaporudisha nyuma kitu kilichoporomoka ili apate njia, anachokirudisha ni kile kitu tu. Lililowapata watu halirudi. Safari za kwenda wakati mwingine ni kazi ya mashine, na mashine ina sheria yake: lililokwisha kutokea limekwisha kutokea, na ukirudi kulizuia, basi kurudi kwako kulikuwa tayari ni sehemu ya kutokea kwake. Si sheria iliyobuniwa na waandishi wa mchezo. Mwanafizikia Igor Novikov wa Urusi alikuwa akitetea wazo la namna hiyo katika miaka ya 1980.

Anayeilipia sheria hiyo kwa uchungu zaidi ni Beth Wilder, mwanamke anayemsaidia Jack. Anakwama katika miaka iliyopita akiyajua mengi yatakayokuja, anajaribu kuyazuia, na hakuna hata moja analolizuia. Kwa maoni yangu hapo ndipo mchezo unapojinyima, kwa kuwa kisa cha Beth kingestahili sura nzima ya kuchezwa, lakini sehemu kubwa yake tunasimuliwa tu. Watengenezaji hawa wana tabia ya kuficha mambo mazito katika barua pepe zilizomo kwenye kompyuta za ofisi za Monarch (kampuni ya Paul Serene), nyingine ndefu kiasi cha kumchosha hata mtu mwenye subira ya mvuvi.

Sasa rudi kwenye maktaba ya chuo. Mwanzoni mwa mchezo Jack na kaka yake William wanakimbilia humo, watu wa Monarch wanaliangusha jengo, na William anabaki chini ya kifusi. Jack anaondoka na msiba. Wewe mchezaji nawe unaondoka na msiba, kwa sababu umeliona jengo likianguka. Mwishoni kabisa Jack anagundua kwamba kuna kitu kimoja ambacho hakukiona: hakumwona kaka yake akifa. Basi anarudi usiku uleule, anamchukua William kabla jengo halijamfikia, na kumleta wakati wa sasa. Maktaba inaanguka vilevile. Yule Jack wa mwanzo anakimbia vilevile, akilia kwa ajili ya mtu ambaye yu hai. Hakuna tukio lililofutwa wala kuongezwa, na bado mtu ameokolewa. Umeuliza iweje Jack ashindwe kuzuia hata jambo moja. Jibu langu ni kwamba hakuhitaji kuzuia, alihitaji kutafuta mahali ambapo macho yake hayakufika. Waandishi walioishiwa maarifa wangemwacha aifute ajali nzima, na hapo saa zote ulizotumia kuicheza zingekuwa bure.

Umegusia pia, mwishoni mwa barua yako ambayo nimeifupisha, kwamba maamuzi ya mchezaji hayana uzito. Hapo nakubaliana nawe nusu. Mwishoni mwa kila sura kati ya nne za mwanzo unavaa viatu vya Paul Serene, adui, na kuchagua njia moja kati ya mbili baada ya kuonyeshwa kwa ufupi kila njia inaelekea wapi. Chaguo la kwanza, kwa mfano, ni kumuua shahidi Amy Ferrero pamoja na wenzake au kumtumia katika propaganda. Chaguo lako linabadilisha nani anabaki hai na tamthilia iliyomo ndani ya mchezo inasimulia nini, lakini halibadilishi mwisho. Wengi wamelilalamikia hilo, nami ninaliona kuwa udhaifu. Hata hivyo angalia ni nani aliyepewa uwezo wa kuyaona ya mbele: ni yule anayeamini kwamba mwisho hauepukiki. Jack, asiyeona kitu, ndiye pekee anayeendelea kujaribu.

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Lindi mjini. Wanafunzi wangu wananiuliza mambo mawili: kama zile chembe za wakati zinazotajwa katika mchezo zipo kweli, na kama mashine ya Riverport ingeweza kutupeleka Tendaguru enzi za mijusi wale wakubwa. (Mwalimu, Lindi)

Mwalimu, la kwanza ni jepesi. Wazo kwamba wakati una vipande vidogo visivyogawanyika limekuwapo kwa muda mrefu katika fizikia ya nadharia, lakini hakuna jaribio lililowahi kuvionyesha, na ule uwanja wa Meyer-Joyce ambao mchezo unausema umepasuka ni ubunifu mtupu. Kinachoweza kuwafaa wanafunzi wako ni kuwaambia kwamba kasi ya wakati hubadilika hata bila mashine ya Riverport. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipakia saa nne za atomu za sesiamu katika ndege za abiria na kuizunguka dunia. Saa zilizoelekea mashariki zilirudi zikiwa nyuma kwa nanosekunde 59 hivi, na zilizoelekea magharibi zikiwa mbele kwa nanosekunde 273 hivi, kama nadharia ya Einstein ilivyotabiri kwa ukaribu. Saa zilizomo katika satelaiti za GPS nazo hutangulia zile za ardhini kwa maikrosekunde 38 hivi kila siku, na zisingerekebishwa, ramani iliyo kwenye simu ya dereva wa bodaboda ingepotoka kwa kilomita kadhaa kabla ya siku kwisha.

La pili, jibu ni hapana, na linatoka ndani ya mchezo wenyewe. Mashine ya Riverport haiwezi kumfikisha mtu kabla ya siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mlango wa kutokea haukuwapo. Mwaka 1988 Kip Thorne na wenzake Michael Morris na Ulvi Yurtsever walipochunguza kwa hesabu kama njia ya mkato katika anga ingeweza kugeuzwa mashine ya wakati, mpaka ulikuwa huohuo: huwezi kurudi nyuma zaidi ya siku ilipotengenezwa. Mijusi wa Tendaguru waliishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, na hapakuwa na mtu wa kuwasha kitu. Wanafunzi wako watabaki na mifupa, ambayo kwa bahati mbaya nayo iko mbali, kwani Wajerumani waliichimba kati ya 1909 na 1913 wakaisafirisha hadi Berlin, na huko umesimamishwa mmoja wenye kimo cha zaidi ya meta 13.

Nina banda la gemu Chikongola. Wateja wangu hucheza mpira na hulipa kwa mechi. Nikiuweka mchezo huu kwenye PS4 yangu, nitawatoza vipi? (Mwenye banda, Mtwara)

Ndugu yangu, hauingii. Quantum Break ulitolewa kwa Xbox One na kompyuta za Windows pekee, na haujawahi kutolewa kwa PlayStation ya toleo lolote. Atakayekuuzia diski ya PS4 yenye jina hilo anakuuzia kitu kingine.

Hata ungekuwa na Xbox, biashara yako ingepata tabu. Mechi ina dakika zake na mteja anajua lini anampisha mwenzake, lakini mchezo huu ni wa mtu mmoja, unachukua saa nyingi, na kati ya sura na sura pedi inawekwa chini: kuna vipindi vinne vya tamthilia vilivyoigizwa na watu halisi, kila kimoja kikizidi dakika 20. Sijui mteja wa Chikongola atakayekubali saa yake ihesabiwe huku anatazama tu, wakati foleni nyuma yake inapiga kelele. Kwenye Xbox One vipindi hivyo huvutwa kutoka intaneti wakati wa kuvitazama, isipokuwa umevipakua kabla, na faili lake ni la makumi ya gigabaiti. Piga hesabu ya bando kwanza.

Binti yangu yuko kidato cha nne na anapenda mchezo uitwao Life is Strange, ambao nasikia nao ni wa kuurudisha wakati nyuma. Je, unamfaa? (Mama, Newala)

Mama, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kukataza. Life is Strange ni kazi ya kampuni ya Dontnod ya Ufaransa, na ulitolewa na Square Enix kwa vipindi vitano kati ya tarehe 30 Januari na 20 Oktoba 2015. Mhusika wake ni Max Caulfield, msichana wa miaka 18 anayesomea upigaji picha katika mji wa kubuni wa Arcadia Bay, jimbo la Oregon. Siku moja anagundua kwamba anaweza kuurudisha wakati nyuma kidogo: mwalimu anamuuliza swali darasani, anashindwa, anasikia jibu kwa mwingine, anaurudisha muda na kulijibu yeye. Hauna mapigano ya bunduki kama ule wa Jack, na sehemu kubwa yake ni mazungumzo.

Lakini usidanganyike na utulivu huo. Umewekewa umri wa miaka 16 na kuendelea huko Ulaya, na 17 huko Marekani, na sababu zipo: kuna dawa za kulevya, kuna ukatili dhidi ya wasichana, na kuna mwanafunzi anayetaka kujiua. Tukio hilo, lililo mwishoni mwa kipindi cha pili, ndilo ninaloliheshimu kuliko yote katika mchezo huo. Max anafika juu ya paa alipo Kate Marsh na uwezo wake umekwisha, hawezi tena kurudisha neno lililomtoka vibaya. Kinachobaki ni kama mchezaji alimsikiliza Kate hapo awali: alisoma yaliyomo chumbani mwake, anawakumbuka watu wa nyumbani kwao, alimjibu vizuri aliponyanyaswa. Asiyesikiliza anaweza kumpoteza. Quantum Break unakukataza kuyagusa yaliyopita kwa sheria ya mashine. Huu unakuruhusu kuyachezea kadiri upendavyo, kisha unakunyang'anya ruhusa hiyo pale ulipoizoea.

Kwa hiyo kwa binti wa kidato cha nne sitasema hapana, ila kaa naye siku ya kipindi cha pili, na usiwe na simu mkononi. Ikiwa katika familia au shuleni kwake kumetokea msiba wa namna hiyo karibuni, msubirishe. Kingereza chake si kigumu, lakini ni cha vijana wa Marekani na kina maneno machafu ya hapa na pale. Hilo kwangu ni dogo kuliko yale niliyoyataja.

Je, kuna sehemu ya pili ya Quantum Break? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Haipo, ingawa mwisho wa mchezo umeacha mlango wazi waziwazi. Haki za Quantum Break ziko mikononi mwa Microsoft, na Remedy waliendelea na kazi zao nyingine, ikiwamo Control ya mwaka 2019. Ukicheza Alan Wake 2, iliyotoka tarehe 27 Oktoba 2023, utakutana na sherifu aitwaye Tim Breaker, aliyeigizwa na Shawn Ashmore, yuleyule aliyekuwa Jack Joyce, naye anasumbuliwa na ndoto za maisha mengine ambayo hajawahi kuyaishi. Huo upo hata kwa PlayStation 5.