Jibu: Msimamizi wangu wa kitaalamu ndiye bosi wangu, nifanyeje?

Habari yako ndugu. Nimekuelewa: wewe ni mshauri nasaha, na vikao vya usimamizi, ambavyo ni vya kuzungumzia kazi yako na wateja, vinaishia kwenye fomu na mahudhurio, na yule mteja anayekuchosha unashindwa kumtaja kwa kuwa anayekusikiliza ndiye anayekujazia tathmini ya mwaka.

Cha kwanza, angalia makubaliano yenu ya usimamizi. Yameandikwa? Yanasema nani anatunza kumbukumbu za kikao, na lipi linaweza kufika kwenye faili lako la kazi? Kama hayapo, anzia hapo kabla hujafungua kesi yoyote nzito.

Pili, omba mtu huru, yaani msimamizi asiye bosi wako. Hudai makuu. Mwongozo wa maadili wa BACP, chama cha washauri nasaha cha Uingereza, unataka sehemu kubwa ya usimamizi, na ikiwezekana wote, iwe mbali na umeneja. Kwangu, bosi alikubali upesi; nadhani naye kofia mbili zilikuwa zinamwelemea.

Huku ukisubiri, usiende kikaoni mikono mitupu. Mimi huandika sentensi moja ya mteja neno kwa neno, bila jina, kisha nilichojibu na nilichohisi. Mfano: "Hata wewe umenichoka." Nikajibu haraka, "Hapana," na tumbo likakaza. Hapo kuna kazi ya saa nzima, fomu zitasubiri.

Ila suala likiwa hatari kwa mteja, kama kutaka kujiua, usingoje msimamizi mpya. Mwambie huyo huyo bosi leo.