Mwanangu, kuhusu majivu ya mjomba wako

Mwanangu, meseji yako nimeiona, unauliza eti majivu ya mjomba yanaweza kuzikwa kwenye uwanja wa kanisa au padri atatutimua. Hawezi kututimua bwana. Kanisa Katoliki lilipiga marufuku kuchoma maiti mwaka 1886, maana wapo waliokuwa wanafanya makusudi kuonyesha hawaamini ufufuko, ila 1963 Roma wakalegeza, alimradi mtu hakuchagua hivo kwa kuipinga imani. Na mjomba wako unamjua, rozari mkononi mpaka mwisho. Waorthodoksi ndo kwa ujumla bado hawataki.

Sasa kuruhusiwa kuchoma sio kwamba majivu mnayafanyia mnachotaka. Hilo wazo la wadogo zako kugawana, kila mtu na kachupa kake sebuleni, mi sitaki hata kulisikia. 2016 Vatikani walisema wazi yawekwe mahali patakatifu, makaburini au kanisani au eneo lililotengwa kwa kazi hiyo, hayamwagwi baharini wala hayafanywi cheni ya shingoni. Desemba 2023 wakaongeza kwamba familia ikiomba, viongozi wa kanisa wanaweza kufikiria kasehemu kadogo sana kahifadhiwe mahali palipokuwa na maana kwa marehemu, lakini unaomba, hujichukulii. Mi naona wako sahihi, maana majivu ya sebuleni leo yako kwako, kesho umehama, keshokutwa mjukuu anakuta kopo stoo hajui hata ni la nani.

Ukienda parokiani usiishie kuuliza kama wana nafasi. Uliza kama ni ukuta wenye vijumba vya kuwekea majivu au ni kuzika ardhini, kama ardhini wanataka chombo au yanamiminwa moja kwa moja kwenye udongo, maana yakishamiminwa huwezi kuyahamisha tena hata ukilia. Uliza kijumba ni cha milele au cha miaka kadhaa, na ikiisha majivu yanaenda wapi. Na jina, linaandikwa pale pale au kwenye kitabu tu? Mi nataka lionekane, watu wakija wajue wanamwombea nani.

Halafu shangazi yako na waridi lake, mwambie asilipande juu ya majivu kabisa, yana chumvi nyingi, linaweza kukauka.

Ukishaongea na padri nipigie, wadogo zako niachie mimi.

Mama