Jibu: Kamera ndogo ya kuhimili ufukweni

Mkuu, umeuliza kamera ndogo ipi itavumilia mchanga na maji ya chumvi. Usidanganywe na bodi ya chuma. Kinachoziua kamera hizi mara nyingi ni lenzi inayochomoza ukiiwasha: punje ya mchanga ikiingia kwenye gia zake, inakwama katikati, na gharama ya fundi inakaribia bei ya kamera nyingine. Olympus TG-6 ya 2019 lenzi yake haitoki nje kabisa, na inazama hadi mita 15. Picha za usiku si kali sana, lakini kwa pwani naipendekeza kwa moyo wote. Ukinunua mtumba, kagua mipira ya kuzuia maji kwenye vifuniko vya betri na chaji. Mipira ikiwa imepasuka, iache kamera hiyo. Ukitoka baharini, iloweke kwenye maji yasiyo na chumvi, vifuniko vikiwa vimefungwa.