Kabla ya kulaumu jeti, kagueni nozeli

Vijana mnaoingia maabara ya majimaji muhula huu, wengi wenu mtapewa kupima jeti: maji yanatoka kwa kasi kwenye nozeli (kipande cha mwisho cha bomba, chenye mdomo), yanaingia tangi la kioo lenye maji yaliyotulia, nanyi mnafuatilia kasi inavyopungua. Kazi huonekana nyepesi. Mimi ilinila wiki 3, na sitaki nanyi mzipoteze.

Mdomo wa nozeli yangu ulikuwa na kipenyo cha milimita 20, maji yakitoka kwa mita 1.6 kwa sekunde. Namba ya Reynolds, inayolinganisha nguvu ya mwendo wa maji na unato wake, hapo ni kama 32,000, kwa hiyo msukosuko upo tu. Jeti ya namna hiyo huwa na kiini ambacho kasi yake haijaguswa bado, chenye urefu wa vipenyo 4 hadi 6 vya mdomo. Mbele zaidi, umbali ukiongezeka mara mbili, kasi ya katikati hubaki kama nusu. Kiini changu kilikatika kwenye kipenyo cha 3. Nikarudia hesabu, nikabadilisha kipimo, nikakesha. Wapi!

Siku moja nikaweka kiganja kwenye bomba la chuma linalotoka kwenye pampu. Lilikuwa linatetemeka. Nikasoma kibati cha mota: mizunguko 1,450 kwa dakika, yaani 24 kwa sekunde. Zidisheni 24 kwa kipenyo cha mita 0.02, gawanyeni kwa 1.6: mnapata 0.3. Hiyo ni namba ya Strouhal, inayolinganisha mapigo na kasi ya jeti na upana wake, na ni papo hapo ambapo watafiti Crow na Champagne, mwaka 1971, walionyesha kwamba jeti huitikia mtikisiko kuliko penginepo. Mtikisiko mdogo ukija kwa mapigo hayo, tabaka jembamba la ukingoni hujikunja likawa pete za mizunguko; pete hukua na kuvuta maji ya pembeni ndani ya jeti. Pampu yangu ilikuwa ikiipigia jeti mdundo ule ule inaoucheza. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1858 Mmarekani John LeConte alieleza jinsi mwali wa taa ya gesi, ambao nao ni jeti, ulivyokuwa ukirukaruka kufuata muziki wa sello. Sauti ya hewani tu ilitosha!

Nikaitenga pampu. Maji yakatoka kwenye tangi lililoinuliwa, lenye tundu la kumwaga ziada ili kina kisibadilike, yakapita kwenye mpira laini badala ya chuma. Kiini kikarudi hadi kipenyo cha 5.

Umbo la nozeli nalo lina neno lake. Ikikerezwa kwa mkunjo laini unaobana polepole, maji hutoka kwa kasi inayokaribia kuwa sawa mdomo mzima. Bomba refu lililonyooka hutoa kasi kubwa katikati na ndogo ukutani, na msukosuko wake umeshakomaa kabla ya kutoka. Tundu la ukingo mkali kwenye bati ndilo huwadanganya wengi: maji huendelea kujibana baada ya kutoka, mpaka eneo la jeti linabaki kama asilimia 62 ya tundu. Ukigawanya ujazo wa maji yanayotoka kila sekunde kwa eneo la tundu, kasi yako ni ya uongo.

Pitisheni ukucha ndani ya mdomo kabla ya kuufunga. Nimeona kijino cha chuma, kidogo kuliko punje ya mchanga, kikiinamisha jeti upande mmoja. Msasa laini ulikimaliza kwa dakika 2. Nyuma ya nozeli, kabla haijaanza kubana, jazeni mirija ya soda iliyokatwa urefu sawa, ili maji yaliyojisokota kwenye kona ya bomba yanyooke.

Kisha tieni pamanganeti (chumvi inayotia maji rangi ya zambarau) kidogo kwenye maji yanayoingia, mtazame. Jeti ikiinama au ikipiga mapigo ya kuhesabika, msipime chochote. Na kwenye daftari, kabla ya usomaji wa kwanza, chora nozeli, andika urefu wa bomba lililoitangulia na maji yalikotoka. Bila hayo, hakuna awezaye kulinganisha jeti yako na yake.