Barua kwa mwanangu: gari ya Florida kwenye baridi ya Minneapolis

Mamangu,

Huku Mombasa sote wazima, joto la Novemba unalijua lilivyo. Voisi yako nimeisikiliza yote. Unauliza kama kweli hizo tairi za winta na kulanti (ile dawa ya rejeta ya kuzuia maji yasigande) na betri mpya na madude yote wanayokutajia huko Minneapolis ni lazima, ama ni wenye maduka tu wanatafuta mauzo, maana Corolla yako inawaka kila asubuhi bila neno. Swali lako zuri, na umemuuliza mwenye duka la spea, basi ntakujibu kama mwanangu si kama mteja. Kuna vitu ukivikwepa utalia, na kuna vingine hata mie ningeona haya kukuuzia.

Lililonishtua si tairi. Umelipitisha tu katikati ya maneno, kwamba aliyekuuzia alikuja nayo kutoka Florida mwaka huu. Sasa hiyo gari imeishi maisha ya Mombasa. Joto mwaka mzima, na watu wa joto tabia zetu ni hizohizo, rejeta ikipungua unatia maji ya mfereji na safari inaendelea. Si unakumbuka pale Mwembe Tayari, matatu inasimama mbele ya duka, utingo anaomba mtungi, anamimina, wanaondoka, na mie kulanti zangu zimepangwa nyuma zinashika vumbi. Huku dhambi yake ni kutu na wota pampu kuharibika mapema, basi. Huko maji yakiganda ndani ya injini yanatanuka kwa kama asilimia 9, na chuma hakina pa kwenda, kinapasuka. Bloku, kile chuma kikuu cha injini, ikipasuka hiyo gari ushaizika.

Kwa hivyo pesa ya kwanza kabisa iende hapo. Kulanti nusu na maji nusu haigandi mpaka kwenye -37 hivi, hizo ni digrii zetu, wao huko wanatumia Fahrenheit, sifuri yao ni -18 yetu, na -40 ni moja kote kote. Na usije ukasema basi ntatia kulanti tupu bila maji ndo iwe kali zaidi, la, ikiwa tupu inaganda mapema, karibu -13 tu. Ile ya Toyota ya rangi ya waridi inauzwa ishachanganywa tayari, usiiongezee kitu, wala usichanganye na ya kijani kwa kuwa ni bei rahisi. Lakini usinunue kabla ya kupima. Kuna kidude cha kufyonza chenye vipira vidogo ndani, hakifiki hata bei ya chakula cha mchana, unafyonza kidogo injini ikiwa imepoa kabisa, unahesabu vipira vinavyoelea. Kikikwambia imechuja, mwambie fundi amwage yote atie mpya, asiongezee juu.

Betri sasa. Ati inawaka kila asubuhi. Mamangu, Novemba hii bado hujaona kitu. Betri inauliwa na joto, ndo maana huku wateja wangu wanarudi baada ya miaka miwili mitatu, ila injini ya moto ni nyepesi kuzunguka kwa hivyo betri iliyochoka inajificha. Baridi ndo inaifichua. Kwenye -18 betri inabaki na kama nusu ya nguvu zake, na wakati huohuo injini nayo imekuwa nzito, ndo ile unatoka shifti ya usiku saa tisa, unazungusha ufunguo unasikia tik tik tik. Maduka makubwa ya spea huko, kama AutoZone, yanapima betri bure, pita tu wiki hii. Wakikupimia uliza namba ya CCA, hiyo ndo nguvu ya kuwasha kwenye baridi na inapimwa kwenye hiyohiyo -18, ulinganishe na inayotakiwa kwenye kitabu cha gari. Ikiwa imezeeka na ni ya Florida, badilisha bila kubishana, na hapo sisemi kwa ajili ya biashara ya mtu.

Oili ntasema kwa ufupi. Huku tunamwaga 20W-50 kila mahali, na huko hiyo itakuwa kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai, unageuza chupa hakitoki kitu. Corolla yako inataka 0W-20, namba ya kwanza ndo ya baridi na ikiwa ndogo ndo bora kwako. Kama hujui alitia gani, badilisha, umalize.

Haya, tairi. Hapa ndo wengi wanaona wanaibiwa, maana seti nzima si pesa kidogo. Nikwambie kitu ulichokiona tangu mdogo ukakipuuza. Gari zikishuka bandarini kutoka Japani, zile zilizotoka kule kaskazini Hokkaido kwenye theluji, zinakuja na tairi zimeandikwa STUDLESS ubavuni, raba yake laini ukiibonyeza kwa kidole inakubali, na ina mikato midogo midogo kama imechanjwa. Mafundi wetu wanazifurahia kwa kuwa zinaonekana mpya, halafu lami ya Mombasa inazila kwa muda mfupi. Ni kwa sababu hazikutengenezewa huku. Sasa geuza. Tairi ya kawaida ikishuka chini ya digrii 7 raba yake inaanza kuwa ngumu, na ngumu hainati barabarani hata kama hakuna theluji. Na tairi za Florida, mie naogopa kuuliza, pengine ni za kiangazi kabisa. Nenda utazame ubavuni kuna mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na theluji katikati. Upo, hiyo imejaribiwa kwenye theluji ikapita. Imeandikwa M+S (matope na theluji) peke yake bila ule mlima, usiitegemee sana.

Tazama pia zile namba nne za mwisho baada ya DOT. Ikiwa 3518 ni wiki ya 35 ya 2018. Usinunue mitumba iliyozeeka hata kama meno yamejaa, raba inakuwa kavu ndani kwa ndani. Na ni zote nne, usidanganywe na mtu akwambie tia mbili za mbele kwa vile gari inavuta mbele. Mbele zikinata na nyuma zikiteleza, kwenye kona nyuma inakupita. Kama pesa haitoshi kwa vyote mwezi huu, afadhali hiyo simu mpya uliyoniambia isubiri. Uzuri wake ukiwa na seti mbili zinapokezana, kila moja inakaa muda mrefu zaidi, kwa hivyo si hasara yote kama unavyoiona sasa. Meno yakishuka chini ya milimita 3 kwenye theluji hazina kazi hata kama sheria haijakukamata.

Upepo pia unapungua bila pancha. Kila digrii tano na nusu hivi baridi inaposhuka, tairi inapoteza kama psi 1, kile kipimo cha upepo. Ulijaza 32 siku ina digrii 20, ikifika -18 una 25. Taa itawaka dashbodi usipaniki, pima asubuhi kabla hujaendesha, jaza kulingana na stika iliyoko kwenye fremu ya mlango wa dereva, si ile namba ya ubavuni kwa tairi.

Halafu hii tabia yetu ya maji na sabuni ya unga kwenye kichupa cha waipa, achana nayo leo. Yataganda, ama mabaya zaidi, utayarusha kwenye kioo ukiwa haiwei yakagande palepale usione mbele. Nunua ile ya winta iliyoandikwa -20 yao ama chini zaidi, na umalize kwanza iliyomo. Kioo kikiwa na barafu ni kukwangua na kuwasha hita, maji ya moto usimwage kamwe, kioo kinalia paa. Theluji ya juu ya paa pia iondoe, maana ukifunga breki inashuka yote kwenye kioo cha mbele.

Na mambo ya kutia petroli kidogo kidogo, ile ya hapa Nyali tia ya mia tano ntaongeza kesho, hapana. Tangi lisishuke nusu. Ukikwama kwenye theluji hiyo petroli ndo moto wako.

Sasa vya kukataa. Vichupa vya kuongeza ndani ya oili, kataa. Naitrojeni ya tairi, kataa, upepo wa kawaida kama asilimia 78 ni naitrojeni. Kuunguruma nusu saa ili injini ipate moto, hizo ni stori za kabureta, dakika moja mbili halafu ondoka polepole, na usiwahi kuiunguruma ndani ya gereji imefungwa, sumu iliyomo kwenye ule moshi haina harufu ya kukuamsha. Hita ya bloku ya kuchomeka kwa stima, inayopasha injini moto kabla ya kuiwasha, mjomba wako wa Edmonton kule Kanada anayo na anaiapia, lakini kwako, na 0W-20 na betri nzima, si lazima, isipokuwa kama unapoegesha kuna soketi.

Kuendesha kwenyewe sitakufundisha kwa mdomo, nimempigia mjomba wako nikamtoa maneno. Anasema kwenye barafu gari inaweza kuhitaji hata mara kumi ya umbali wa kawaida kusimama, basi huyo wa mbele mwache aende zake. Daraja linaganda kabla ya barabara, maana baridi inalipiga juu na chini. Ukifunga breki na padeli ikatetemeka, hiyo ni ABS, mtambo wa kuzuia tairi zisijifunge, inafanya kazi yake, usiachie. Na ati chumvi wanayomwaga barabarani ikishuka chini ya -9 hivi inakuwa haifanyi kazi sana, kwa hivyo usione barabara imemwagwa ukajiona umefika. Chumvi yenyewe hiyo itakula chini ya gari vile bahari inavyozila gari za Kizingo, ukipata siku yenye joto kidogo ipeleke ioshwe chini, si bodi tu.

Butini tia blanketi (leso niliyokupa iache nyumbani, haitakusaidia kitu huko), koleo dogo, mchanga ama ule wa choo cha paka kwa ajili ya kunasua tairi, waya za jampa, tochi, na kitu cha kula. Ukikwama baki ndani ya gari. Toka tu uondoe theluji kwenye ekzosi, kisha washa kama dakika kumi kila saa na dirisha uliachie upenyo kidogo, ekzosi ikiziba moshi unarudi kwako.

Kesho mchana ukiamka nitumie picha ya ubavu wa tairi zote nne, ile stika ya mlango, na betri ionekane tarehe. Mtandao wa simu yangu unasumbua kwenye picha kubwa kwa hivyo tuma moja moja. Nikishaziona ndo tutajua ni pesa ngapi, na babako anasema kama ni kuongezea kwenye tairi tutaongezea.

Mamako